Daftari ya Miti ya Asali

Batoto yangu, daftari munayotafuta haiko. Naanza na hilo ili musisome mpaka mwisho mukidhani labda nimeificha mahali. Mulikuja kwangu hapa Shari, pembeni ya Bunia, mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa misa. Mara ya pili mukanikuta napepeta mchele, mukakaa kwenye viti vya plastiki na tablette zenu mapajani, mukasema kwa heshima kabisa: "Mama Afoyo, biro inatutuma. Tunatafuta liste ya miti ya asali, ile orodha mulifanya zamani." Nikawaambia nitafikiri. Uongo mtupu, hakukuwa na kitu cha kufikiri. Nilikuwa nimechoka tu, hadithi yenyewe ni ndefu, na siku hiyo magoti yalikuwa yananiuma.

Sasa naandika. Mutasoma mukiwa mumekaa kwenu, na mimi nitakuwa nimekaa kwangu.

Kazi yangu ilikuwa kuomba, tusizunguke. Siku hizi muna majina mazuri ya kazi hiyo, lakini ni kuomba kwa maandishi. Unamwandikia mfadhili ambaye hajawahi kuona matope ya Komanda, unamweleza kuna kijiji kinachotaka kulinda pori lake, unamwomba asaidie. Akikubali unakwenda kijijini. Akikataa unabadilisha jina na tarehe, unatuma kwa mwingine. Nimefanya hivyo mpaka macho yakaharibika, na hata leo nikimwandikia mjukuu wangu barua ya shule najikuta nimeweka "malengo mahsusi".

Mimi ni wa upande wa Mahagi, familia ya Kikatoliki, baba alilima kahawa. Utotoni nilikuwa naona maloli ya mbao yakipita kwenda Uganda, mbao nyekundu za libuyu, na nilidhani zinatengenezwa kiwandani kama sabuni. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili siku niliposimama chini ya mti wa libuyu wenyewe. Nilitazama juu mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Anselme, agronome, mtaalamu wa kilimo, chef wa biro yetu, ofisi ndogo. Nilikuwa secrétaire wake, napiga barua. Siku moja akanipa mradi niusome, nikamwambia ukurasa wa tatu haukubaliani na ukurasa wa saba. Akasema, "Basi kuanzia leo utaandika weye." Alikuwa na bic nyekundu ya kusahihishia na hakuwa na huruma. Ukiandika kwamba wananchi wanateseka, anakata. "Afoyo, mfadhili hana muda na machozi yako. Iko na kisanduku ya kujaza kwenye formulaire, na kisanduku inataka namba."

Namba. Kumbukeni neno hilo, ndilo lililoniponza.

Lakini kabla sijaponzwa na namba niliponzwa na sokwe. Nilikuwa mpya, tarehe ya mwisho imefika, umeme umekatika, groupe, jenereta ya biro, haina mafuta. Nikachukua aya nzima kutoka mradi wa pori lingine, nikaibandika kwenye wetu. Aya ilisema pori letu lina sokwe wengi. Mradi ukapita. Baada ya miezi akaja bibi mmoja wa mfadhili, amevaa buti mpya, anauliza sokwe wako wapi. Wanakijiji wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuona sokwe pale tangu babu zake. Muzee Anselme akakohoa, akasema kwa Kifaransa safi kwamba wamesafiri. Yule bibi akaandika kwenye kitabu chake. Mpaka leo sijui aliandika nini, na tangu siku hiyo sijabandika aya ya mtu.

Nitawapa mambo mawili matatu ya kazi hapa hapa, nisije nikasahau. Wino wa kuchukulia alama za vidole usiuweke mfuko mmoja na karatasi, utafika na faili, dossier nzima, ya bluu. Mkutano usiuanze mpaka waliotoka porini wamemaliza kuvuta tumbako yao, maana wakianza kusikiliza katikati hawataukubali mwisho. Kabla ya kuuliza mpaka wa pori uko wapi, waulize akina mama wanateka maji wapi na wanavua samaki wapi, hapo mutajua mpaka. Na formulaire yenu hii ya internet, iandikeni kwanza kwenye karatasi. Zamani tulibeba mradi kwa clé USB mpaka cyber, virusi vinaula njiani. Siku hizi hakuna virusi, mtambo wenyewe unakufungia ukurasa wa tisa na kukuambia uanze tena. Kwangu mimi ni mamoja.

Sasa hilo pori. Unapita Komanda, unaacha barabara kubwa, unaingia ndani na pikipiki mpaka pikipiki nayo inakataa. Jina la kijiji munalijua, sitaliandika. Pale wanakaa wakulima, na ndani zaidi wanakaa Bambuti, wawindaji wa pori, ambao sisi kwenye biro tulikuwa tunawaita "PA", peuples autochtones, yaani wenyeji wa asili, herufi mbili tu, kama jina la dawa.

Sheria ya nchi yetu inaruhusu kijiji kuomba pori la mababu liandikwe kwa jina la wenyewe, likae lao moja kwa moja. Lakini sheria inataka dossier, na dossier inataka ramani na alama za vidole vya koo zote, pamoja na vidole vya Bambuti. Kidole kimoja kikikosekana, inarudi. Na wakati siye tunahangaika na karatasi, kulikuwa na bwana mmoja wa mbao aliyekuwa amekwisha kuja mara mbili kwa chef wa kijiji na mbuzi wa zawadi, machine ya kukatia miti imefungwa nyuma ya pikipiki kila mtu aione. Kama dossier yetu isingeingia mapema, yake ingeingia.

Mfadhili alikubali kutusaidia kwa awamu mbili. Ya kwanza ya ramani na vidole. Ya pili ya maendeleo: mizinga ya nyuki, pépinière, kitalu cha miche ya miti, paa la nyumba ya mikutano. Ila ya pili ingekuja tu kama tungeonyesha namba fulani tulizoahidi wenyewe. Na hapo kwenye kisanduku mimi ndiye niliyeandika, hakuna aliyenishika mkono: "miti ya asali iliyotambuliwa na kuwekwa alama". Niliona ni akili nyingi. Mti hautembei, unahesabika, haukatai kupigwa picha. Muzee Anselme aliposoma hakutoa hata bic yake. Nilijisikia vizuri wiki nzima.

Basi tukaingia porini na vijana wawili wa kijiji, wakubwa wenye wake zao, wanaojua njia. Nilikuwa na GPS, daftari ya jalada gumu, na riboni nyekundu ya plastiki. Tukifika kwenye mti wenye nyuki, tunafunga riboni kwenye shina, tunaandika namba kwa marker, mimi naandika daftarini: namba, aina ya mti, mahali, hali yake. Ukurasa mmoja mti mmoja, kwa mwandiko wangu wa secrétaire, na mistari nimepiga kwa rula. Tulifika quarante-trois, miti arobaini na mitatu. Jioni nilikuwa nazihesabu kurasa kama mtu anayehesabu kuku wake.

Kwenye mti mmoja, namba dix-neuf, kumi na tisa, libuyu mkubwa karibu na kijito, kulikuwa na kamba ya porini, nene kuliko za miti mingine, imezungushwa kwenye shina na kupigwa fundo. Ilikuwa inazuia riboni isikae vizuri. Nikaikata kwa kisu, nikaitupa. Wale vijana walinyamaza. Niliwaona wamenyamaza, nikadhani wamechoka.

Tuliporudi baada ya majuma kadhaa kuchukua vidole, koo zote za wakulima zilikuwa zimekaa, chef amevaa koti, Mama Kavira amepika maharagwe. Mama Kavira ni mama wa Butembo aliyehamia pale na mume wake kwa biashara ya mchele. Mume alikufa, yeye akabaki. Hakuwa na ukoo pale wala shamba la ukoo, lakini alikuwa présidente wa pépinière, na hicho ndicho kilichompa haki ya kukaa mstari wa mbele. Alikuwa amekwisha kujaza udongo kwenye sachets, vifuko vya miche, mia na kitu akingoja awamu ya pili.

Bambuti hawakuwepo. Tukangoja. Nikamtuma mtu kambini kwao, akarudi akisema majivu ni ya baridi na majani ya vibanda yamekauka. Wamehama wote, bila kusema neno kwa mtu.

Chef akakasirika, akasema hao ni watu wa kutembea, hiyo ndiyo tabia yao. Mimi nikasema vilevile moyoni. Siku chache tu zilibaki dossier ifungwe.

Aliyenisaidia ni Mama Anjelani, binti wa Muzee Tabu, mkubwa wa ile kambi. Ameolewa pale kijijini na mkulima. Alinijia nyuma ya jiko la Mama Kavira, akasema bila kunitazama usoni:

"Baba alisema pori iko na mwenyewe sasa. Njo maana walienda."

"Mwenyewe nani?"

"Si weye?"

Nilidhani ananitania. Akaniambia vaa viatu vya kutembea, tutalala njiani.

Tulitembea siku nzima na nusu. Tulimkuta Muzee Tabu amekaa kwenye gogo anachonga mshale, watu wake wamejenga upya kana kwamba wamekaa pale miaka. Mtu mfupi, mwembamba, sauti ya chini kiasi kwamba inabidi usogee. Akanipa nafasi kwenye gogo.

"Karibu, mama. Umekuya kuangalia asali yako?"

"Asali gani, muzee?"

"Asali yako. Ulifunga miti yote. Mimi nilizunguka, nikaona nyekundu hapa, nyekundu kule, nikajiuliza, huyu mama wa Bunia, tumbo yake iko namna gani?"

Kambi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao, maana nilikuwa bado sijaelewa. Ni Anjelani aliyenieleza polepole, kama unavyomweleza mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba. Kwao, anayeona nyuki wa kwanza anakata kamba ya porini, anaizungusha kwenye shina, anapiga fundo. Basi. Hakuna mlinzi, hakuna karatasi. Mwingine akipita akiona fundo, anaendelea na safari yake. Baba akifa, mtoto anafunga fundo upya, na mti unabaki wa nyumba ile. Na mimi nilikuwa nimefunga miti yote ya watu wote kwa muda wa wiki moja, tena kwa kamba isiyooza.

"Juu ya nini hamukuniuliza?" nikasema. "Juu ya nini hamukugombana na mimi?"

Muzee Tabu akaona swali langu ni la ajabu. "Mutu akikamata kila kitu, utagombana naye juu ya nini? Pori ni kubwa. Tulienda."

Baadaye niliwauliza wale vijana wawili kwa nini hawakuniambia, maana walijua, wamekua na Bambuti. Mmoja akajikuna kichwa akasema, "Tulizani mama anajua. Na tena ulikuwa unafurahi sana." Jibu hilo nimelibeba miaka yote hii. Nilikuwa nafurahi sana, na hakuna anayetaka kuharibu furaha ya mtu wa mradi.

Nikamwambia Muzee Tabu kwamba riboni zile hazikuwa fundo langu, zilikuwa namba tu za kuwaonyesha watu wa mbali. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi twende tukafungue."

Tukafungua. Yeye, Anjelani na mimi, siku mbili. Mimi ndiye niliyekata kila riboni, kwa kisu kilekile, na yeye alikuwa anakata kamba ya porini na kufunga palepale fundo jipya la mwenyewe juu ya lile la zamani, akitaja jina. Huu wa fulani. Huu wa fulani, aliyeoa juzi. Nilikuwa nimetembea katikati ya nyumba za watu wiki nzima nikidhani niko porini.

Tulipokaribia kijito, kabla hatujafika, niliona mwanga mwingi kuliko inavyotakiwa. Namba dix-neuf ilikuwa chini. Wezi, mpaka leo sijui nani, walifuata riboni zangu kutafuta asali, na kwa kuwa hawakujua kupanda, wakauangusha kwa machine. Masega yaliyokauka yalikuwa yametapakaa. Riboni yangu ilikuwa bado kwenye shina, inang'aa. Kwenye miti mingine angalau fundo la zamani la mwenyewe lilikuwa chini ya riboni na watu wa kule wanaliheshimu hata wakiwa wezi. Kwenye huu nilikuwa nimelikata.

Muzee Tabu alikaa juu ya shina. Akasema, "Huyu ilikuwa ya mama yangu. Mama njo alifunga wa kwanza, mimi niko mugongoni."

Niliona haya. Nimekwisha kuona haya mara nyingi katika maisha, mbele ya wafadhili, mbele ya padri, lakini haya ya siku ile bado iko. Nikamwambia, "Muzee, ni mimi nilikata kamba ya mama." Angeweza asijue kamwe. Alinyosha mkono akagusa daftari niliyokuwa nimeishika kifuani.

"Mu hii buku kuko nini?"

"Miti yote. Namna ya kuifikia."

"Mutu akiikamata, anafika ku muti bila kuuliza?"

"Anafika."

"Hata mutu ule hatujue?"

"Hata yule."

"Hata siku weye utakufa?"

"Hata nikifa, muzee. Ndiyo kazi ya daftari."

Akafikiri. Akasema, "Kidole yangu nitaweka. Najua yule wa machine atakuya kama sikuweke. Lakini buku, unipe."

Batoto yangu, hapa naomba musiharakishe kunisifu. Daftari ile ndiyo ilikuwa awamu ya pili. Bila liste hakuna namba, bila namba hakuna mizinga wala pépinière. Nilimwona Mama Kavira na sachets zake zimejazwa udongo, zimepangwa kwenye kivuli cha majani. Yeye hakukata kamba ya mtu. Nilisimama pale na daftari kifuani muda mrefu, Anjelani akaanza kuosha miguu kwenye kijito kuniachia nafasi. Na Muzee Tabu hakunisukuma hata kidogo. Kama angenitisha kwamba hataweka kidole, ningejua la kufanya, nimezoea watu wa hivyo. Alingoja tu.

Nikampa.

Akaigeuza-geuza, akasema, "Ule wa mama iko wapi humu?" Nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha. Akaukunja pembe kwa kidole gumba. Halafu akafungua ukurasa mwingine, wowote, akauchana taratibu kwenye mstari wangu wa rula, akaweka tumbako, akaviringisha, akavuta. Ulikuwa namba huit, nane. Niliona mwandiko wangu unaungua mpaka midomoni mwake. Akasema karatasi ni nzuri, haikwaruzi koo.

Kijijini akaweka kidole. Dossier iliondoka Bunia siku ya mwisho, na wino haukumwagika.

Bironi, Muzee Anselme alisikiliza habari yote amefumba macho. Akasema, "Andika quarante-trois. Nani atakwenda kuhesabu?" Hakuwa mtu mbaya, nawaomba mujue. Alikuwa ameona miradi mingi ikifa kwa kisanduku kimoja. Nikamwambia mfadhili ataomba liste. Akasema, "GPS si iko nayo?" Nikaichukua GPS mezani, nikafuta mbele yake, moja baada ya moja, kwa sababu mtambo ule wa zamani haukujua kufuta zote pamoja. Alinitazama mpaka nikamaliza. Halafu akachukua bic nyekundu, na kwenye kisanduku cha rapport akaandika mwenyewe: sifuri. Akaweka saini yake, si yangu.

Mfadhili alijibu kwa barua ya adabu kabisa. Alithamini uwazi wetu. Awamu ya pili haikuja.

Mama Kavira alipanda mbegu zake mwenyewe, akamwagilia miche kiangazi kizima kwa maji aliyobeba kichwani. Mvua zilipochelewa ikafa nusu, nusu ikaliwa na mbuzi wa chef, pengine ni wale wa bwana wa mbao. Nilipokwenda kumwona hakunikaribisha ndani. Alisema mlangoni: "Bambuti walipata pori yao. Wakulima walipata karatasi yao. Weye ulipata mushahara. Mimi nilibaki na ma-sachets." Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Sikusema hata moja, kwa sababu ilikuwa kweli. Baadaye nilisikia amerudi Butembo. Sijui kama nilifanya vizuri. Nimezeeka na bado sijui.

Karatasi ya pori ilitoka. Pori lile limeandikwa kwa jina lao, na limesimama. Bwana wa mbao alifungasha machine yake akaenda kwa kijiji kingine ambacho hakikuwa na dossier, na kule alikata. Hilo nalo musilifiche kwenye rapport zenu mukitaka kueleza mafanikio.

Sasa muna mfadhili mpya, na mradi wa asali yenyewe. Nimesoma karatasi mulizoniachia, zimeandikwa vizuri kuliko zangu. Kwenye ukurasa wa nne kuna kisanduku, na ndani muna namba, na ndiyo maana mulikuja kwa Mama Afoyo. Mukitaka miti ile, nendeni kwa Mama Anjelani. Atawangojesha. Mukae. Musimpelekee riboni. Mwombeni awaambie ni ipi ya nani, na kama hataki kuwaambia, rudini Bunia mubadilishe kisanduku, maana kisanduku kinabadilishwa, niliwahi kubadilisha vingi. Sikujua tu wakati ule kwamba naruhusiwa.

Na daftari, nimewaambia, haiko. Lakini nisiseme uongo wa pili. Kuna ukurasa.

Mwaka niliotoka kazini, habari ikanifikia kwamba Muzee Tabu amefariki. Nikapanda pikipiki na magoti haya, nikaenda kilio. Watu walikuwa wengi, Bambuti na wakulima pamoja. Jioni Anjelani akanivuta pembeni, akatoa mkebe wa maziwa ya unga. Akasema baba alivuta buku nzima, ilimchukua misimu miwili, alikuwa anawagawia hata wageni. Lakini huu hakukubali mtu auguse. Ndani ya mkebe kulikuwa na karatasi moja, imekuwa ya kahawia kwa moshi, pembe imekunjwa.

"Baba alikuwa anaitoa, anaiangalia," alisema. "Lakini hakuna mwenye kujua kusoma pale kwetu. Mama, unisomee."

Nikavaa miwani. Mwandiko ulikuwa wangu, mistari ya rula, hakuna kosa hata moja.

"Numéro dix-neuf," nikasoma. "Libuyu. Karibu na kijito, upande wa jua kuchwa. Nyuki wamo. Hali ya mti: nzuri."

Anjelani alikuwa ameshika mkebe magotini. Kisha akaniomba nisome tena, na nikasoma tena.